Watu wa Jioni Hawaachi Kitu Mezani

Shangazi yangu ni dobi. Nalisema mapema kwa sababu kuna watu, wakiwemo wa ukoo wetu, ambao wakisikia kwamba dobi anasoma stashahada ya biashara hucheka kwanza ndipo waulize. Wacheke tu, meno ni yao. Chumba chake cha kufulia kiko nyuma ya kituo cha mafuta: mashine mbili kuukuu zinazotembea zenyewe zikifika kwenye kukamua, kamba zilizovutwa ua mzima, na meza ndefu ya kupigia pasi iliyoungua upande mmoja. Shuka za nyumba za wageni za mtaa mzima zinapita hapo. Darasani wanamwita Mama Pasi, naye huitika bila kinyongo.

Mimi ni mtoto wa kaka yake na nimelelewa kwake, kwa hiyo msitegemee nimwelezee kwa haki. Nampendelea, na nina sababu. Baba yangu na ndugu zake wa kiume walisoma; yeye aliachishwa shule ili abaki nyumbani awafulie sare. Hazungumzi sana habari hiyo, ila siku ikimtoka nyumba nzima hunyamaza. Alipomaliza kulea, watoto wake na sisi wa kuongezea, alifanya mitihani ya sekondari kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafeli hesabu, akarudia, akafaulu, kisha akaenda kujiandikisha darasa la jioni katika chuo cha biashara. Mumewe, dereva mstaafu wa lori ambaye mtaa mzima unamwita Breki, alimuuliza, "Umri huu unatafuta nini, mama?"

"Natafuta kilichonipita," alijibu Shangazi, akaendelea kukunja shuka.

Ikawa kwamba chuo chenyewe ni kile ninachofanyia kazi. Mimi ni msaidizi wa maktaba, zamu ya asubuhi, ingawa mara nyingine hukaa kaunta mwanzo wa jioni. Nafungua mlango, nawasha taa, nakusanya vitabu vilivyobaki mezani tangu jana, navipitisha kwenye mashine ndogo ya kusoma msimbo, inalia tii, kisha navirudisha rafuni mahali pake. Ni kazi ninayoipenda na inayonipandisha hasira kila siku, kwa sababu wanafunzi wa mchana wanaacha meza kama uwanja wa mnada. Kitabu kimefunuliwa kifudifudi, kingine kimefanywa mto, kingine kimewekewa chupa ya maji juu.

Shangazi alipoanza kuja maktaba aliniwekea sharti. "Mle ndani hunijui," alisema. "Sitaki waseme nabebwa." Basi akawa anaingia amevaa gauni lililonyooshwa mpaka mikunjo inasimama, anakuja kaunta, ananiita "dada" kana kwamba hajawahi kunichapa, na mimi namwita "mama, nikusaidie nini?" Tulikuwa tunaoneana aibu wenyewe.

Lakini alivyoitumia maktaba ile, sijaona mfano. Wengine huja na aibu ya kuuliza, wanazunguka rafu nusu saa wakitafuta kitabu kilicho nyuma yao. Yeye siku ya kwanza alikwenda moja kwa moja meza ya msaada akasema, "Nimeambiwa hapa mtu anauliza chochote. Nimekuja kuuliza." Akajifunza kusoma namba za rafu. Akahudhuria mafunzo ya kutafuta taarifa, akakaa mbele kabisa, akamrudisha mkufunzi nyuma kila alipokwenda mbio. Alipoambiwa kwamba kitabu tusichokuwa nacho tunaweza kumwazimia kutoka maktaba nyingine, aliona tunamtania. Kilipofika, alikishika kwa mikono miwili. "Yaani kitabu kimepanda gari kwa ajili yangu mimi?" Sharti la kutojuana lilitaka kunishinda siku ile. Nilijifanya natafuta kalamu chini ya kaunta.

Alichokipenda kuliko vyote ni kile wanafunzi wanachokiita ghala. Ni hazina ya ripoti za makampuni na tafiti za masoko iliyomo kwenye kompyuta, na inafunguka ukiwa ndani ya jengo la maktaba tu; ukiijaribu nyumbani inakuomba neno la siri mpaka uchoke. Andiko lake la mwisho lilihusu madobi wadogo: kama wakiungana, wanaweza kufulia hospitali nzima, au watauana kwa deni na maumivu ya mgongo? Majibu yake yote yalikuwa mle ghalani. Alishaahirisha muhula mmoja Breki alipolazwa, na kanuni za chuo haziruhusu kuahirisha mara mbili. Muhula huu akikosa kuwasilisha andiko, jina linafutwa.

Ndipo likaja tangazo. Lilibandikwa mlangoni, upande wa nje na wa ndani, tusije tukakosa pa kuumia. Kuanzia mwezi ujao maktaba itafungwa saa kumi na moja jioni badala ya saa tatu usiku, kwa kuwa matumizi ya jioni ni madogo.

Saa kumi na moja ndiyo saa ambayo Shangazi anazima mashine, ananawa mikono na kuvua aproni. Na siyo yeye peke yake. Darasa la jioni lina muuguzi, lina muuza vipuri, lina mlinzi wa benki anayekuja na buti zake za kazi. Hakuna hata mmoja anayeweza kufika kabla ya saa kumi na moja labda atoroke kazini.

Kesho yake mchana Shangazi alifunga chumba cha kufulia, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi ya mwanawe, akaja kumwona mkutubi mkuu. Huyu bwana sisi wafanyakazi tunamwita Grafu, kwa sababu hazungumzi bila kukuchorea. Si mtu mbaya. Ofisi yake ina ukuta wa kioo na iko nyuma ya kaunta yangu, na siku hiyo mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia bila hata kutega sikio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenikaribisha vizuri. Sasa niambie kwa nini unanifukuza."

"Hakuna anayekufukuza, mama. Sisi tunafuata namba." Akageuza skrini. "Ona. Asubuhi, mchana, alasiri, vijiti vyote vimesimama. Jioni ni hii hapa."

"Sioni kitu."

"Ndiyo hivyo. Hakuna kitu."

"Lakini sisi tunakuja kila siku."

"Mnakuja, mlango unawahesabu. Lakini kuingia siyo kusoma. Wengi mnafuata kiyoyozi na intaneti, na siwalaumu, nje kuna joto. Kitabu kilichosomwa hubaki mezani, asubuhi tunakipitisha kwenye mashine, ndipo kinahesabiwa. Asubuhi meza zenu za upande wa kompyuta ni tupu. Na ghala jioni nzima linaonyesha mtu mmoja. Mmoja, mama. Siwezi kwenda mbele ya mkuu wa chuo nikaombe mshahara wa zamu ya jioni kwa ajili ya mtu mmoja."

Shangazi alitoka. Alipopita kaunta alisimama, akanitazama kwa mara ya kwanza mle ndani kama mtu anayenijua. "Dada," alisema polepole, "ni kweli asubuhi unakuta meza tupu?"

Nikasema ni kweli. Ningesema nini? Kila asubuhi nilikuwa nakuta meza za jioni zinang'aa, nami namshukuru Mungu kwa kupunguziwa kazi. Aliondoka na mkoba wake kwapani, na mimi nikabaki na moto kifuani ambao sikujua nimuunguze nani.

Jioni ile hakwenda maktaba, nami nikaenda kwake. Nilimkuta kwenye meza ya pasi anakunja shuka peke yake, nikashika pembe mbili za upande wangu kama nilivyofanya tangu utotoni, tukawa tunasogeleana na kuachana. Nilikuwa nalalamika ili kumpa nafasi ya kutulia. Nikamwambia wanafunzi wa mchana wamezidi, kuna mshenzi mmoja anachukua vitabu vya uhasibu na kuvipanga kwa urefu, virefu kushoto, vifupi kulia, migongo imenyooka kama rula, na namba zote zimevurugika. Kila wiki navitafuta upya. Nikimkamata nitamla mbichi.

Shangazi aliacha kukunja. "Kwani vilitakiwa vipangwe vipi?"

Tukatazamana juu ya shuka.

"Ni wewe?"

"Ni sisi. Tukimaliza tunarudisha vyote. Mimi nasimamia. Muuguzi anafuta na meza."

"Shangazi, kuna kibao kwenye kila meza. Kimeandikwa kwa herufi kubwa, usirudishe kitabu rafuni, kiache mezani."

"Nimekiona."

"Sasa?"

"Mlikuwa mnamaanisha?"

"Tulikuwa tunamaanisha nini kingine?"

"Mimi niliona ni adabu tu," alisema. "Umekwenda kwa watu, umekula, wanakwambia acha vyombo hapo hapo. Unaviacha? Nani aliyelelewa akaondoka akaacha sahani yake chafu kwa watu?"

Nikamuuliza na ghala je, mbona linaonyesha mtu mmoja. Akasema wanafungua kwa jina la muuza vipuri kwa sababu ndiye mwenye vidole vyepesi, wengine wanakaa nyuma yake na kusoma wote. Kila mmoja afungue ya kwake ya nini? Ni kama kila mtu wa nyumba moja kuwasha jiko lake.

Alikaa kwenye kiti cha wateja akacheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya shuka ya watu. Kisha kicheko kikaisha ghafla, na nikaiona ile sura anayokuwa nayo pale mteja anapomwambia doa halitoki.

"Kwa hiyo ustaarabu wetu ndio unaotufukuza," alisema. "Sawa. Nimekaa kimya nyumba nyingi. Hii siondoki."

Ndani, Breki alituita tule. Tulipomaliza alisema kile anachosema kila siku ya Mungu, "Acha vyombo hapo, mama, nitaosha mimi." Na Shangazi, kama kila siku, alikuwa ameshavibeba kabla sentensi haijaisha. Kwa miaka yote niliyokaa nyumba ile sijamwona Breki akiosha hata kijiko, na huwezi kumlaumu, hajawahi kukikuta.

Jioni iliyofuata zamu yangu ilikuwa imeisha, lakini nilibaki. Shangazi alikuwa ameweka nafasi ya chumba cha majadiliano, kile chenye ubao mweupe, akawaingiza wenzake wote na kufunga mlango. Hakuzunguka.

"Kuanzia leo tunaacha vyombo," alisema, akawaeleza. Kulikuwa na minong'ono. Muuguzi alisema yeye akiona meza imevurugika mapigo yanampanda. Mlinzi wa benki aliuliza kama hiyo haitahesabiwa ni utovu wa nidhamu, maana yeye ana barua moja ya onyo tayari kazini na hataki ya pili.

"Itahesabiwa ni kusoma," alisema Shangazi. "Na kila mtu atafungua ghala kwa jina lake mwenyewe, hata anayebonyeza kwa kidole kimoja. Ila sikilizeni. Asiyesoma asiache. Atakayetoa kitabu rafuni kwa ajili ya kukitandaza tu, mimi mwenyewe nitakirudisha, na yeye nitamtoa nje. Sitaki kusingiziwa halafu iwe kweli."

Wakatoka wakasoma. Ilipofika saa tatu, niliona watu wazima wakihangaika kuliko mtoto anayeachishwa kunyonya. Muuguzi alifunga kitabu, akakifungua, akakisogeza kikawa sambamba na ukingo wa meza, akakimbia. Muuza vipuri aliaga vitabu vyake kwa mkono. Shangazi ndiye alikuwa wa mwisho. Alisimama mbele ya vitabu vyake vinne vilivyotawanyika, vidole vinamcheza. Mwishowe alifumbata mikono kwapani, akageuka, akatembea mpaka mlangoni bila kutazama nyuma.

Asubuhi mashine yangu ililia. Tii, tii, tii. Nilipitisha vitabu vya jioni kimoja kimoja, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe sikumlaani mtu. Siku ya pili vilikuwa vingi zaidi. Wiki ilipoisha Grafu alikuja kaunta na karatasi mkononi.

"Jioni imepanda ghafla," alisema. "Watu wameambiwa watupe vitabu mezani. Na nadhani namjua aliyewaambia."

Hapo nilikuwa na uhuru wa kuinamisha kichwa. Sikuinamisha. "Kimewaambia kibao, mkuu," nilisema. "Kibao chetu wenyewe. Tumekibandika sisi, wao wametii."

Akasema namba za kuchezewa hatazipeleka popote, na kwamba tangazo liko palepale. Nilimpelekea Shangazi maneno hayo kama yalivyo. Niliogopa yatamvunja. Badala yake alinituma: "Mwambie aje akae. Siyo apite, akae."

Alikuja. Ilikuwa jioni ya mwisho kabla ya tarehe ya tangazo, na kwa kweli sikutegemea kumwona. Aliingia bila koti, akatembea kati ya meza mikono nyuma kama msimamizi wa mtihani. Kompyuta zote za ghala zilikuwa na watu, mlinzi wa benki anabonyeza kwa kidole kimoja, kingine kimebaki hewani. Hakuna aliyenyanyua kichwa. Grafu alifika kwenye meza ya Shangazi, akachukua kitabu kilichokuwa chini ya kiwiko chake, kitabu kinene cha gharama za uzalishaji.

"Mama, hiki umekisoma?"

"Nimekisoma."

"Sura hii inasema nini?"

Nilikuwa nimesimama kando ya rafu na kitabu mkononi. Nilijua sura ile. Alikuwa ameilalamikia nyumbani mpaka Breki akaijua kwa jina.

Shangazi alivua miwani. "Sijaielewa," alisema.

Watu wa meza za jirani wakageuka.

"Nimeisoma nikarudia, nikaenda meza ya msaada wakanipa kitabu kingine chepesi, nikasoma na hicho, nikarudi hapa. Mgawanyo wa gharama unanishinda. Ndiyo maana kitabu kiko mezani, mwanangu. Anayeelewa mara moja mfungie, atakisoma mchana, atakinunua, atajua mwenyewe. Mimi mchana nafua. Ukifunga kesho, hii nitaielewa lini?"

Grafu alikifunua kitabu. Aliangalia kurasa zile, pale Shangazi alipoweka vipande vya uzi mweupe wa kushonea kwa kuwa hakunji karatasi za watu. Kisha akavuta kiti akakaa. Alisoma sura kwa muda mrefu, kidole kikishuka na mistari.

"Mfano wao ndio mbaya," alisema hatimaye. "Na mimi ilinisumbua chuoni."

"Basi nielekeze. Si hii sasa ndiyo meza ya msaada?"

Akamwelekeza. Akachora, bila shaka, hawezi kuishi bila kuchora, lakini safari hii alichora mashine mbili za kufulia na mita moja ya umeme, na Shangazi akamkatiza mara kadhaa na kumlazimisha arudie. Saa tatu ilipogonga walikuwa bado hawajakubaliana. Grafu alisimama, akajinyoosha, akatazama meza zile zilizojaa.

"Kwa kweli namba zimepanda," alisema, kama mtu anayejisemea.

"Hazijapanda," alisema Shangazi, akiweka miwani mkobani. "Tulikuwepo. Ndiyo kwanza mmetuona."

Wakatoka, na vitabu vikabaki.

Asubuhi nilikuta mlango una alama nne za gundi na hakuna tangazo. Grafu aliniambia, bila kunitazama usoni, kwamba saa za jioni zitaendelea mpaka mwisho wa mwaka, halafu zitapimwa tena. Nilimpigia Shangazi simu nikiwa bado nimeshika funguo. Nilisikia mashine zikikamua nyuma yake. Akasema, "Wapime. Watatukuta," akakata, kwa sababu alikuwa na shuka za watu.

Nilikwenda kwake jioni kusherehekea. Hakukuwa na sherehe yoyote, maana yeye alirudi kutoka maktaba amechoka, na andiko lilikuwa bado halijafika hata nusu. Tulikula. Breki alisifu chakula, akasukuma kiti nyuma, akasema kwa sauti ya mazoea, "Acha vyombo hapo, mama, nitaosha mimi."

Shangazi alinyoosha mkono kuelekea sahani. Ukafika katikati, ukasimama. Aliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Kisha aliurudisha, akainuka, akachukua mkoba wake wa vitabu, akaenda chumbani akawasha taa ya kusomea.

Nilianza kuinuka mimi. "Wewe mtoto, kaa," sauti yake ilitoka kule ndani. "Kuna mtu ameshasema."

Breki alizitazama sahani, akanitazama mimi, akautazama mlango wa chumbani. Mwishowe alikunja mikono ya shati, moja, ya pili, akaniuliza kwa sauti ya chini sabuni huwa inawekwa wapi.